Jina langu kwenye barua ya chifu

Baba tulimzika Jumamosi. Wiki mbili hazijaisha, kaka yangu mkubwa akawa ameshachukua barua ya chifu. Kama hujawahi kufuatilia urithi hapa Kenya, hiyo ndiyo barua inayotaja wote walioachwa na marehemu, na ndiyo unayoingia nayo mahakamani. Niliiona kwa bahati, imekunjwa ndani ya Biblia ya mama. Mama, kisha kaka zangu watatu, basi. Mimi na dada yangu hatukuwemo.

Nianze na nilivyoharibu. Nilingoja kikao cha familia, wajomba na shangazi wameketi, chai imeshamiminwa, nikasimama nikaisoma ile barua kwa sauti. Nilijiona shujaa kwa dakika kama tano. Shangazi, ambaye jikoni tulikuwa tumekubaliana naye kila kitu, akaniambia niketi nisimtie mama aibu. Kuanzia hapo tukajadili adabu yangu mpaka giza likaingia, barua hakuna aliyeikumbuka. Kwa hiyo, jambo la nyumbani usilianzishe mbele ya watu. Mtu mzima ukimuumbua hadharani umemfungia njia ya kurudi, hata kama moyoni anajua umesema kweli.

Siku hizo nilimwaza sana Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira. Wengi tunamkumbuka kwa mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma Nairobi, wabunge wakamcheka, naye Rais Moi akasema mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Jengo halikujengwa. Mimi lakini napenda zaidi kisa cha miaka kumi kabla ya hapo. Ndoa yake ilipovunjika, mumewe hakutaka aendelee kutumia jina la Mathai. Akaongeza “a” moja. Hakupiga kelele, na jina likabaki lake.

Nikaamua nami nitafute “a” yangu. Nilitoa nakala za vyeti vya kuzaliwa, changu na cha dada, nikaenda ofisini kwa chifu peke yangu, nimevaa kama mtu anayeenda kanisani.

“Lakini wewe si umeolewa?”

“Nimeolewa, chifu. Ila barua inataja watoto wa marehemu, na mimi bado ni mtoto wake.”

Akaniambia nirudi wiki ijayo. Nikarudi. Hayupo. Nikarudi tena, nikaketi kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, kila anayeingia namsalimu. Sikumtajia mahakama hata mara moja, ingawa nilikuwa nimejisomea: Sheria ya Urithi inatumika tangu 1981, na mzazi asipoacha wosia, mjane huitumia mali maisha yake, kisha watoto hugawana sawa. Haiulizi nani ameolewa. Nilijua pia kwamba kesi ikifunguliwa, tangazo hutoka kwenye gazeti la serikali na kuna siku 30 za kupinga. Ukishajua una mlango wa pili, huna haja ya kuupiga teke wa kwanza. Saa saba chifu akatoka na hindi la kuchoma mkononi, akanitazama, akacheka, akafuta vidole kwenye suruali, akaandika upya. Muhuri ulipigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukuonekana vizuri.

Kaka nilimpelekea nakala mwenyewe, jioni, tukiwa wawili tu. Sitakudanganya kwamba alinikumbatia. Kwa mwaka mzima na zaidi hakunisalimu, na posa ya binti yake niliisikia kwa majirani. Hili usilipuuze kabla hujaanza: unaweza kuwa na haki yote na bado ukala Krismasi peke yako. Kilichonisaidia ni kuendelea kwenda kwa mama kila mwisho wa mwezi na sukari yake, kaka awepo asiwepo, bila kulitaja shamba.

Baadaye mama mwenyewe alitaka ligawanywe akiwa hai. Langu ni nusu ekari, upande wa mteremko, maji ya mvua hupita katikati. Kaka ndiye anayelilima, kwa kuwa mimi niko mjini. Mwezi wa pili kijana wa bodaboda alinishushia gunia la viazi mlangoni, akasema ameambiwa aniambie ni vya shamba langu.