Jibu la swali la wiki: mi ningeenda Meiji-za, Februari 1903, nimwone Sadayakko

Salaam mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza hivi, ukipewa nafasi ya kurudi nyuma ya miaka uangalie onyesho moja tu la msanii ambaye hukuwahi kumwona, ungemchagua nani na onyesho lipi. Najua wengi watamtaja Siti binti Saad na sina ubishi nao kabisa, ila wangu ni Kawakami Sadayakko, geisha wa Tokyo aliyekuja kuwa mwigizaji, na onyesho ni la Februari 1903 pale ukumbi wa Meiji-za, Tokyo, alipoigiza Desdemona, mke wa Othello, kwenye igizo la Othello la Shakespeare. Sio Paris 1900, ambako ndiko jina lake lilikopaa. Nitaeleza kwanini lakini itabidi nianzie mbali, mnivumilie.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Wengi wetu huku jina geisha tulilikuta kwenye sabuni ya kuogea, alafu mtaani ukiuliza ni nani unaambiwa ni malaya wa Kijapani, basi, mada imefungwa. Sio hivyo. Geisha ni msanii, anafundishwa tangu mdogo kucheza, kuimba, kupiga shamisen ambalo ni gambusi lao la nyuzi tatu, na kuongea na watu wazito bila kuwachosha, ndo kazi yake kwenye karamu. Ila pia sitaki kupamba, maana wasichana wengi waliingia huko kwa sababu nyumbani kwao hela imeisha, na wanaume wenye pesa walikuwa na sauti kubwa sana juu ya maisha yao. Kwenye maisha ya Sadayakko utayakuta yote mawili.

Alizaliwa Tokyo 1871, jina lake Sada, mtoto wa 12 kwao. Biashara ya nyumbani ikayumba, akiwa na miaka 4 hivi akapelekwa kwenye nyumba ya geisha ya Hamada mtaa wa Yoshicho, na baba yake alipofariki yule mama mwenye nyumba akamchukua rasmi awe binti yake. Na huyu mama alimpenda kweli, alimsomesha kusoma na kuandika wakati wasichana wengi hawapati hiyo nafasi, akajifunza judo, akapanda farasi. Hapo kwenye farasi ndo kuna stori ambayo Wajapani wanaisimulia mpaka leo, kwamba siku moja yuko juu ya farasi mbwa wakamzingira, akatokea kijana mmoja mwanafunzi akawafukuza, jina lake Momosuke. Wakapendana. Lakini kijana alikuwa maskini na akachukuliwa na familia ya Fukuzawa Yukichi, yule msomi mkubwa, akaozeshwa binti wa hapo. Mshikeni huyu Momosuke akilini, anarudi.

Sada alipoanza kazi akapewa jina la Yakko, jina la heshima kubwa pale nyumbani kwao, na mfadhili wake akawa Ito Hirobumi, waziri mkuu wa kwanza wa Japani. Vitabu vingi vinaiandika hii kama bahati. Mi siwezi kuiita bahati, alikuwa binti mdogo na wakubwa ndio waliopanga, yeye hakuulizwa. Nachokiona mimi ni kwamba akiwa bado msichana alishakaa vyumba wanavyokaa wanaoiendesha nchi, na hiyo hali ya kutotishika na mkubwa yeyote hakuiacha tena.

Sasa mtu kama huyu, geisha anaetafutwa na kila tajiri wa Tokyo, unajua alimchagua nani? Kawakami Otojiro, mchekeshaji kutoka Hakata aliyepata umaarufu kwa wimbo wa kuwasuta viongozi na matajiri, jamaa wa madeni na maneno mengi. Wakaoana, yeye akaacha kazi ya ugeisha. Otojiro akajenga ukumbi wake wa maigizo Tokyo 1896, ukamzamisha kwenye madeni, akagombea ubunge akashindwa, alafu 1898 kwa hasira akanunua kimtumbwi akamwambia mke wake twende tukaondoke nchi hii. Na akapanda! Mawimbi, baridi, wanaokolewa huku wanasukumwa kule, mpaka wanafika Kobe mwanzoni mwa 1899 mume yuko hoi anaumwa. Hapo Kobe wakakutana na wakala aliyewaambia njooni Marekani mfanye shoo.

Mpaka hapo Sadayakko hakuwa mwigizaji kabisa, alikuwa mke wa mkuu wa kundi la maigizo. Kufika San Francisco wanakuta mabango mjini yana picha yake yeye kama staa, maana Wamarekani hawakuwa tayari kulipa tiketi kuangalia mwanaume amevaa kama mwanamke. Kwahiyo akapanda jukwaani kwa kulazimika. Haukupita muda msimamizi wao akakimbia na mapato, wakabaki hawana kitu, hata mpwa mdogo wa Otojiro waliyekuwa nae wakamwachia mchoraji mmoja Mjapani wa pale amlee (yule mtoto ndo Tsuru Aoki, aliyekuja kuwa mwigizaji wa sinema Hollywood). Chicago walipata ukumbi kwa siku moja tu, na walikuwa na njaa kiasi kwamba kwenye kupigana na kuanguka jukwaani wengine walishindwa kunyanyuka kweli, watazamaji wakadhani ni ufundi, wakapiga makofi. Boston wakazika waigizaji wao wawili, mmoja inasemekana alidhuriwa na ile poda nyeupe ya usoni yenye madini ya risasi. Nikisoma hapo huwa nakiweka kitabu pembeni kwanza. Watu wanaongelea maua na kimono wakati wenzao walikuwa wanakufa ugenini.

Baada ya hapo ndo London, alafu Paris kwenye yale Maonyesho Makubwa ya 1900, kwenye ukumbi mdogo wa Loie Fuller, yule mcheza ngoma wa Kimarekani. Paris ilichanganyikiwa. Kwenye igizo lao kubwa alikuwa geisha aliyeachwa na mpenzi, anaanza anacheza taratibu kwa unyenyekevu wote, alafu wivu unampanda, nywele zinamwagika, sura inabadilika, anakufa mbele yako. Kile kifo ndo kilichowamaliza. Mchoraji Picasso bado kijana akamchora, mcheza ngoma Isadora Duncan akaenda kumtazama, maduka yakauza kimono kwa jina lake, na 1902 Puccini, mtunzi wa opera wa Italia, alimtazama Milano kipindi anatafuta muziki wa Kijapani kwa ajili ya opera yake. Umaarufu wa kweli huo siupingi.

Lakini mtazamaji wa Paris alikuwa haelewi hata neno moja. Na yale maigizo yalikuwa vipande vya kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, vimekatwa na kuunganishwa ili mgeni asichoke, na nyumbani Japani kuna watu waliona aibu, wakasema hawa wanatuchafulia sanaa. Paris ilimpenda kama kitu kizuri kutoka mbali. Ndio maana nasema sitaki kiti cha Paris.

Nataka kiti cha Meiji-za. Serikali ya Japani ilipiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629, na kwa zaidi ya miaka 250 kila malkia, kila mke, kila mama kwenye kabuki aliigizwa na mwanaume. Marufuku ilikuja kulegea mwishoni mwa karne ya 19 na walikuwepo wanawake wachache waliotangulia, hilo lisemwe, ila mazoea yalikuwa palepale. Sadayakko mwenyewe aliporudi kutoka Ulaya hakutaka kuigiza kwao, alikuwa anasita, na namwelewa, maana nje akikosea nani atajua, hapa kila mtu anajua geisha Yakko ni nani na alikuwa na nani. Alafu akakubali. Otojiro akaihamishia hadithi ya Othello Taiwan, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Japani, wahusika wakawa Wajapani, Desdemona akaitwa Tomone, na mwanamke akaigiza mwanamke kwa lugha ambayo ukumbi mzima unaielewa. Ningekaa nyuma kabisa hata kwa kusimama, na ningekuwa nawaangalia watazamaji kama nnavyomwangalia yeye.

Na hakuishia kwenye kusifiwa, hapa ndo heshima yangu kwake inazidi. Mwaka 1908 akafungua chuo cha kufundisha waigizaji wa kike Tokyo, wakapatikana wasichana 15 wa kwanza, na kati yao alikuwemo Mori Ritsuko, binti wa mwanasheria na mbunge. Kwa kuingia tu huko, shule aliyokuwa amesoma ikalifuta jina lake kwenye orodha ya wahitimu wake. Fikiria sasa ugumu wa hiyo kazi, unafundisha fani ambayo mwanafunzi wako anakanwa kwa ajili yake. Chuo kikaja kuchukuliwa na Ukumbi wa Kifalme, na ulipofunguliwa 1911 wale mabinti walikuwa na jukwaa la kusimama.

Mwaka huohuo wa 1911 Otojiro akafariki Osaka. Sadayakko akaendelea miaka kadhaa, akastaafu, na hapo anarudi Momosuke, sasa ni tajiri mkubwa wa umeme anaejenga mabwawa kwenye mto Kiso. Wakaishi pamoja Nagoya kwenye nyumba ya kifahari, mwanaume ana mke kwingine, watu wanasema sana na wao hawajifichi. Mi hapo simhukumu wala simtetei. Alianzisha kiwanda cha hariri, akaanzisha na kundi la maigizo ya watoto, na 1933 akajenga hekalu lake mwenyewe mkoa wa Gifu. Alifariki Desemba 1946. Ile nyumba ya Nagoya ilikuja kuhamishwa na kujengwa upya, sasa ni makumbusho yanaitwa Futaba-kan, kwahiyo kama una ndugu anasoma au anafanya kazi upande ule mwambie apite aingie, alafu atuandikie hapa alichokiona.