Barua kwa mwanangu: nyimbo za roki mbadala za mwaka 1994

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo. Umeniuliza ni nyimbo zipi za roki mbadala ninazoziona bora zaidi katika mwaka 1994, mwaka uliozaliwa, na kama nakubaliana na rafiki zako kwamba hakuna wa kushindana na "Where Did You Sleep Last Night", ule wimbo ambao Nirvana waliufungia onyesho lao la kituo cha televisheni cha MTV. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu nyimbo za mwaka ule nazipenda mno na sitaki uzipokee kwa hadithi za watu.

Sikubaliani nao, ingawa nawaelewa. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alifariki Seattle tarehe 5 Aprili 1994, akiwa na miaka 27. Albamu ya onyesho lile ikatoka tarehe 1 Novemba, na kila aliyeisikiliza alikuwa tayari anajua yaliyompata mwimbaji. Lakini onyesho lenyewe lilirekodiwa New York tarehe 18 Novemba 1993, yeye akiwa hai, na likaonyeshwa kwenye televisheni kabla mwaka haujaisha. Wimbo wenyewe ni wa jadi, wa watu wa milima ya Appalachia huko Marekani, na Nirvana waliupokea kwa njia ya Lead Belly, mwimbaji wa zamani wa blues. Uimbaji wa Cobain sina la kuupunguzia. Katika ubeti wa mwisho anaipandisha sauti mpaka inachanika, anasita kuvuta pumzi, kisha anamalizia. Watu wa MTV walimtaka arudi kuimba wimbo mwingine, akakataa, kwa kuwa hapakuwa na cha kuongeza juu ya kile. Ni uimbaji wa kutukuka, ila ni wa 1993, na wimbo ni wa zamani zaidi ya sisi sote.

Msiba ule uliwafanya watu wasikie vitu ambavyo havikuwemo. Tazama yaliyowapata Hole, bendi ya mkewe, Courtney Love. Albamu yao "Live Through This" ilitoka tarehe 12 Aprili, wiki moja tu baada ya kifo, na hadi leo wapo wanaousikiliza wimbo "Doll Parts" kama kilio cha mjane. Haikuwa hivyo. Aliuandika miaka kadhaa kabla, Cobain akiwa bado mtu anayemtamani bila kujua kama naye anampenda. Ukiusikiliza hivyo, unakuta wimbo mkali zaidi: msichana anayejidharau na kutishia kwa pumzi moja.

Basi mimi kipimo changu nakitafuta ndani ya wimbo. Unajua mtindo wa bendi nyingi za wakati ule: ubeti wa upole, kisha kiitikio cha kishindo, halafu upole tena. Pixies waliutumia mwishoni mwa miaka ya 1980, Nirvana wakaufikisha kila mahali mwaka 1991, na ilipofika 1994 ulikuwa umeshakuwa mazoea. Kwa hiyo kila kelele inapoingia najiuliza, nini kimeiita? Kama jibu ni kwamba zamu ya kiitikio imefika tu, wimbo huo nauacha.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza kwangu ni "Zombie" wa The Cranberries, na wala si kwa kusitasita. Tarehe 20 Machi 1993 mabomu mawili ya IRA, kundi lenye silaha lililotaka kuiondoa Uingereza Ayalandi Kaskazini, yaliyofichwa kwenye mapipa ya taka yalilipuka katika mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza. Mtoto wa miaka 3 alikufa papo hapo, na mwingine wa miaka 12 akafa siku chache baadaye kwa majeraha. Dolores O'Riordan, mwimbaji wa bendi hiyo na binti wa Limerick huko Ayalandi, alikuwa na umri wa miaka 21. Waliofanya kitendo kile walidai kuwapigania watu wa Ayalandi, naye akaandika wimbo wa kukana kwamba kimefanyika kwa niaba yake au ya jamaa zake. Anautaja mwaka 1916, mwaka wa maasi ya Pasaka ya Dublin dhidi ya utawala wa Uingereza, kuonyesha ni ugomvi wa tangu lini huo unaokula watoto.

Sasa sikiliza muziki wenyewe. Kabla ya hapo bendi hii ilijulikana kwa "Linger" na "Dreams", nyimbo laini za mapenzi. Katika "Zombie" magitaa yananguruma kwa uzito ambao hawakuwa wameutumia, na ni zilezile kordi nne kutoka mwanzo hadi mwisho, zinazunguka bila kupata pa kutokea, kama kisasi chenyewe. Kwenye ubeti anaimba karibu kwa kunong'ona. Kikifika kiitikio anaivunja sauti kwa makusudi, anaifanya ikwame kooni na kuruka, kwa namna inayofanana na maombolezo ya kale ya wanawake wa Ayalandi. Hiyo ndiyo kelele ninayoitaka. Ukiiondoa, hakuna wimbo, kwa sababu hasira haikuwekwa juu yake kama pambo. Wakati ule wapo waliosema siasa yake ni nyepesi mno. Mimi nasema mtoto wa miaka 3 hana siasa, na O'Riordan aliiona hiyo kabla ya wengi waliokuwa na maneno mazito zaidi.

Wa pili ni "Black Hole Sun" wa Soundgarden. Huu hauna kisa cha kukusimulia. Chris Cornell, mwimbaji wao, alikuwa akiendesha gari kurudi nyumbani kutoka studio, na maneno ya mtangazaji wa habari aliyoyasikia vibaya yakamzalia jina la wimbo. Mengine yote, alisema mwenyewe, ni mchezo wa maneno yanayochora picha. Kinachonivuta ni jinsi uzuri na hofu vilivyokaa pamoja. Gitaa la mwanzo lilipitishwa kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka ndani ya kasha lake na iliyotengenezwa kwa ajili ya vinanda, ndiyo maana sauti inayumba kana kwamba inatoka chini ya maji. Juu yake Cornell anaimba melodia tamu kabisa, ya kuweza kuimbwa na mtu yeyote, huku maneno yakiomba jua jeusi lije lifagie kila kitu. Kishindo kinapoingia unahisi ni jibu la ombi hilo.

Albamu yao ilitoka tarehe 8 Machi 1994, siku moja na "The Downward Spiral" ya Nine Inch Nails, ambayo ndani yake umo wimbo wangu wa tatu, "Hurt". Najua wewe unaufahamu kwa sauti ya Johnny Cash, aliyeurekodi mwaka 2002, na Trent Reznor wa Nine Inch Nails, aliyeuandika, mwenyewe alikiri baada ya kuona video ya Cash kwamba wimbo umeshakuwa wa mwingine. Hata hivyo rudi kwenye rekodi ya kwanza. Cash anaimba kama mzee anayefunga hesabu za maisha. Reznor anaimba kama kijana ambaye hana uhakika wa kesho, na nyuma yake gitaa linarudia noti moja isiyopatana na nyingine, inakereketa tangu mwanzo. Neno la mwisho linaporomokewa na mlio mkubwa wa magitaa, kisha kunabaki uvumi mrefu tu. Usiusikilize peke yake. Umewekwa mwisho wa albamu ndefu yenye ghasia, na upole wake unauma zaidi ukishapita kwenye ghasia hizo zote.

"Basket Case" wa Green Day nauweka wa nne, na usimsikilize anayekwambia ni wimbo wa watoto wa shule. Billie Joe Armstrong, mwimbaji wao, aliandika kuhusu hofu zilizokuwa zikimvamia ghafla mpaka akadhani anarukwa na akili. Anaanza peke yake na gitaa lililozibwa kwa kiganja, anaongea haraka kama mtu anayetaka kukiri kabla hajakatizwa, ndipo bendi inamkuta. Wimbo mzima unachukua dakika kama 3. Kasi ile ndiyo hofu yenyewe.

Wa tano, "Last Goodbye" wa Jeff Buckley, unakwenda kinyume na mtindo niliokuelezea. Hauna kiitikio cha kurudia. Unasonga mbele tu, besi ikiuongoza na vinanda vya nyuzi vikiupandisha, kama mazungumzo ya watu wawili wanaoachana ambayo hayawezi kurudi nyuma. Albamu yake "Grace" ilitoka Agosti 1994 na haikuuzwa sana mwanzoni. Buckley alizama mtoni mjini Memphis tarehe 29 Mei 1997, akiwa na miaka 30, na hapo ndipo wengi walipomtafuta. Tena yaleyale ya msiba, lakini huyu anastahili hata bila msiba.

Utaniuliza Oasis, ile bendi ya Uingereza, wako wapi. "Live Forever" ni wimbo mzuri, na napenda kwamba Noel Gallagher, mtunzi wao, aliutetea kama jibu kwa huzuni iliyokuwa ikitoka Seattle, kwa bendi kama Nirvana. Tatizo langu ni kwamba baada ya kiitikio cha kwanza umeshapata karibu yote. "Loser" wa Beck ulianza kuzunguka mwaka 1993 kwenye santuri chache, kwa hiyo nauachia mwaka huo. Portishead na "Glory Box" wananipa shida kweli, maana naupenda kuliko baadhi ya hizi tano, ila sioni kama ni roki, na Blur sitaki hata kuanza nao leo.

Nitumie zako tano, na useme sababu. Kama "Zombie" haumo, nataka kujua ulioupa nafasi yake.

Nakupenda,
Mama yako