Maua ya mezani mwaka mzima: kila msimu na lake

Mwaka wa kwanza nilipoapa kwamba nyumba yangu hapa Tanga haitawekwa tena maua ya plastiki, nilisia mbegu zangu zote za zinia kwa siku moja, katikati ya Aprili. Zikaota siku ya tano. Wiki moja baadaye mashina yakaanza kuoza pale yanapogusana na udongo, na miche iliyonusurika ikalazwa na mvua ya Mei. Sikupata hata ua moja, na iliniuma, kwa sababu mbegu nilikuwa nimeagiza mbali.

Kosa langu halikuwa mbegu wala udongo. Nilitaka ua moja lile lile Januari hadi Desemba, kama waridi za dukani. Zile waridi hulimwa kwenye mabanda ya Arusha na Naivasha, na nyingi zimechaguliwa kwa urefu wa kikonyo na uwezo wa kustahimili safari, ndiyo maana ukizinusa huambulii kitu. Bustani ya nyumbani ina njia yake. Tangu niache kushindana na mvua na jua, haijapita wiki bila ua mezani kwangu, na eneo lenyewe ni hatua nane kwa tano tu nyuma ya jiko.

Zinia ndiyo ua ninalompa kila anayeanza. Siku hizi nasia mwishoni mwa Mei, mvua inapopungua, kisha fungu jingine kila baada ya wiki tatu mpaka Agosti. Baada ya wiki nane hadi kumi unaanza kukata, na kipupwe chote nyumba inang'aa. Panda kwa nafasi ya sentimita 25 hadi 30, usibanane, maana hewa isipopita majani hushikwa na ukungu mweupe kama unga. Mche ukifika urefu wa shubiri moja na nusu hivi, katisha ncha yake. Najua mkono unasita, wangu ulisita pia, lakini usipofanya hivyo utapata shina moja na ua moja. Ukikatisha, linachipua pande zote. Kadhalika unapovuna: kata chini kabisa, juu tu ya jozi ya majani, na kutoka hapo vitatoka vikonyo viwili vipya.

Ukitaka kujua kama zinia iko tayari, shika kikonyo sentimita 20 chini ya ua, utikise taratibu. Kikilegea na ua likayumba, liache siku mbili zaidi. Likikatwa mapema litainamisha kichwa kabla ya magharibi, na hakuna maji yatakayoliinua.

Alizeti ni kwa ajili ya vuli. Mbegu zile zile za kukamulia mafuta zinafaa, ila kwa mezani zibananishe, sentimita 15 kati ya mche na mche, ili vichwa vibaki vidogo vya kuingia kwenye jagi. Kila mche hutoa ua moja tu, kwa hiyo usipande zote pamoja. Mimi napanda ishirini kila wiki mbili. Likate pale petali zinapoanza kuinuka kutoka usoni. Litamalizia kufunguka ndani, tena nyuki hawajalifikia.

Kiangazi ndicho kigumu. Upepo wa kaskazi unakausha udongo mchana mmoja. Hapo nawategemea selosia, lile ua jekundu kama kilemba cha jogoo, na gomfrena za duara za zambarau. Wote wawili wanapenda jua kali. Natandaza makumbi ya nazi chini yao na kumwagilia alfajiri. Gomfrena nyingine nazifunga mafungu, nazining'iniza kichwa chini chumbani penye giza na hewa. Zikikauka hazipotezi rangi, na ndizo zinazonivusha siku za mvua kubwa. Masika yenyewe nayaachia helikonia na tangawizi ya maua iliyo kivulini chini ya mwembe, pamoja na majani mapana ya kujazia. Helikonia ikate ikiwa imeshafunguka unavyotaka, kwa kuwa haiendelei kufunguka ikishaingia ndani.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu maua mengi huharibika baada ya kukatwa wala si shambani. Usikate mchana. Toka asubuhi kabla jua halijapanda, na ndoo ya maji uwe nayo hapo hapo bustanini, kikonyo kikatwe kwa hanamu na kuingia majini papo hapo. Majani yote yatakayozama yatoe, yakioza yanazalisha bakteria wanaoziba njia ya maji ndani ya kikonyo. Iache ndoo mahali pa baridi na giza kwa saa kadhaa ndipo uyapange. Chombo kioshwe kwa sabuni kama sahani ya kulia, na maji yabadilishwe kila siku mbili. Zinia zangu hukaa wiki nzima hivyo. Na Desemba maembe yakijaa, usiweke maua karibu na bakuli la matunda. Tunda bivu hutoa gesi inayozeesha maua mengi upesi.

Asumini ndiyo inayovunja kanuni yangu ya asubuhi. Bibi yangu alinifundisha kuichuma baada ya alasiri, ikiwa bado tumba jeupe lililofumba, kwa ncha za vidole, bila mkasi. Ikichanua mtini usiku, harufu yake imekwenda na upepo. Yeye aliitunga kwa uzi wa pamba, au akaichanganya na rehani akafunga kikuba cha kuchomeka nyweleni. Mimi huyaweka matumba kwenye kisahani chenye maji kidogo, pembeni ya kitanda. Ukiyaweka saa kumi na mbili jioni yamefumba, hadi kufika isha yameshafunguka, na chumba kizima kinajua.