Kuhusu sarafu ya Barbie yenye madoa meupe
Ndugu muulizaji, nimekuelewa kwamba unataka kununua sarafu ya Barbie ya mwaka 2019 kama akiba, na unauliza iwapo madoa meupe yaliyo ukingoni husafishika. Sarafu hiyo ilitengenezwa na Perth Mint, kiwanda cha sarafu cha Australia, kwa jina la Tuvalu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, kuadhimisha miaka 60 ya mwanasesere huyo, na thamani yake rasmi ni dola 1 tu. Kwa hiyo unanunua wakia moja ya madini ya fedha, takribani gramu 31.1, na juu yake unalipia picha yenye leseni, ambayo bei yake hutegemea mapenzi ya wakusanyaji na huweza kuporomoka hata madini yenyewe yakipanda.

Usiisugue kamwe, iwe kwa dawa ya meno au majivu, maana mikwaruzo huishushia bei kuliko doa lenyewe. Kabla ya kulipa, ipime kwenye mizani ya sonara, isogezee sumaku (fedha halisi hainaswi), kisha ukague cheti chake. Angalia pia bei ambazo sarafu kama hiyo zimeuzwa kweli, si zile wanazotaja wauzaji. Ikiwa kiasi ni kikubwa kwako, mtaalamu wa sarafu aikague kwanza. Muuzaji akikataa, achana naye.