Agave bustanini na kwenye vyungu: tengeneza udongo kwanza

Agave nyingi za mapambo hazifi kwa kiu, zinaoza. Mmea huu ni ndugu wa mkonge wa katani, na huweka maji yake ndani ya majani. Ndiyo maana tunasisitiza udongo kuliko ratiba ya kumwagilia: udongo ukiwa sawa, hata ukizidisha maji siku moja mmea utavumilia.

Kwa chungu, changanya sehemu moja ya udongo wenye mboji iliyoiva, sehemu moja ya mchanga wa chembe kubwa, na sehemu moja ya changarawe ndogo za milimita 3 hadi 6. Mchanga laini haufai, kwa sababu chembe zake hushikana na kuziba njia za hewa. Mwaga maji juu ya mchanganyiko: yakituama badala ya kuzama mara moja, ongeza changarawe.

Wengi hutandaza kokoto chini ya chungu ili maji yatoke upesi. Acheni kabisa. Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe, kwa hiyo tope linasogea karibu na mizizi. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha. Chungu cha udongo wa kuchoma, kisichopakwa rangi, ni bora kuliko plastiki kwa kuwa kuta zake hupumua. Kiwe kipana kuliko fungu la mizizi kwa sentimita 3 hadi 5 tu, maana udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na unyevu muda mrefu.

Bustanini, inua tuta la sentimita 20 hadi 30 na upande mmea kitako kikiwa juu kidogo ya usawa wa udongo. Agave americana hutanuka hadi mita 3, na miba ya ncha zake ni hatari kwa macho ya watoto, basi isikae kando ya njia. Karibu na mlango panda Agave attenuata, isiyo na miba, ila haistahimili baridi ya kugandisha. Kwa chungu, tunaipenda zaidi Agave victoriae-reginae: ni ndogo, hukua taratibu mno, na mistari yake meupe ni alama za majani yaliyobanana kabla ya kufunguka.

Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha subiri. Chomeka kijiti kirefu. Kikitoka na udongo ulionata, bado. Majani ya chini yakilegea na kuwa ya manjano mengi kwa mpigo, maji yamezidi. Yakikunjamana na kuwa membamba, ni kiu. Jani moja moja la chini likikauka ni uzee tu. Mabaka meupe upande wa jua huonekana mmea ukitolewa kivulini ghafla. Uzoeshe kwa wiki mbili.

Mmea mkubwa ukilala chini ghafla huku kitako kikinuka, shuku fukusi wa agave. Jike hutaga kitakoni, mabuu hutoboa shina, na bakteria huozesha kilichobaki. Hapo hauponi. Ng'oa, choma moto, na usipande agave nyingine mahali pale kwa haraka.

Vichipukizi vya pembeni vitenganishe vikifika sentimita 10 hadi 15. Vaa glovu na mikono mirefu, kwani utomvu huwasha vikali. Kata kwa kisu safi, acha kidonda kikauke kivulini siku 3 hadi 7, panda kwenye mchanganyiko mkavu, na maji yasubiri wiki nyingine.

Agave nyingi huchanua mara moja tu, kisha mama hufa. Kukata mlingoti wa maua hakumwokoi. Ukiuona unachomoza, anza kutenga vichipukizi, na panga mapema namna ya kuuangusha: wa Agave americana waweza kufika mita 8.