Kutoa pini kwenye plagi za Landrover 109 bila kukata waya

Mkuu, umeuliza kuhusu plagi ya swichi ya indiketa kwenye 109 Series III yako, kwamba pini moja imeungua na fundi anataka akate waya zote afunge soketi mpya ya dukani. Nakuomba sana usimruhusu. Hizo pini zinatoka, hata kama zimekaa humo tangu miaka ya 70, ila ukivuta kabla hujafungua loki utang'oa waya na pini itabaki ndani.

Mimi nina 109 ya marehemu mzee wangu na hili nimelijua baada ya hasara. Kuna fundi alikata waya saba pale chini ya usukani akaunga kwa kusokota na kuzungushia tepu nyeusi, ikaenda kama miezi mitatu hivi, siku tunatoka Tanga tunakaribia Segera mke wangu akaniuliza hii harufu ya plastiki inatoka wapi, nikasimama nikafungua kava, tepu imeyeyuka yote na waya ya kahawia iko uchi, imebaki upana wa ukucha iguse chuma. Na kwenye wiring ya Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi, kahawia ndo inatoka moja kwa moja betri, nyingi hazipiti fyuzi, kwa hiyo hata ukizima swichi bado ina moto. Mikono ilikuwa inatetemeka wakati nang'oa kichwa cha betri.

Kwa hiyo anza hapo hapo, toa kichwa cha betri upande wa hasi, halafu piga picha ya plagi pande zote mbili. Usitegemee kukumbuka rangi, kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto na kijani yenye mstari mweupe ni ya kulia, zikishapauka zote zinafanana.

Sasa chukua tochi uchungulie upande wa mbele wa plagi, ule unaokutana na mwenzake. Utaona pini bapa, upana wake milimita 6.3, kingo zake zimekunjwa kwa ndani. Mgongoni mwake kuna kaulimi kadogo kamekatwa kwenye shaba ile ile, kameinuka kidogo na kameegemea nyuma, hako ndo kamenasa kwenye ngazi ya plastiki. Unatakiwa ukalaze tu. Bisibisi ya fundi saa inatosha, mimi natumia spoku ya baiskeli niliyoigonga ncha ikawa bapa nikaipiga tupa.

Wengi wanakosea hapa: wanavuta waya huku wanabonyeza. Ukivuta, kaulimi kanazidi kukaba. Sukuma kwanza waya kuelekea mbele mpaka usikie pini imesogea kidogo, hapo kaulimi kamepumua, ndo upenyeze spoku kati ya plastiki na mgongo wa pini, ukiona kitu kinanesa kama springi kibonyeze, halafu vuta taratibu kwa nyuma. Ikigoma usitumie nguvu, rudia kusukuma. Plastiki ya zamani inavunjika kama biskuti kwa hiyo ipashe kwanza na draya ya nywele au iache juani nusu saa, italegea.

Ukikuta plagi yenye pini za mviringo, labda ya redio au kitu kilichoongezwa baadaye, hizo zina mabawa pande mbili na bisibisi haifai. Kata kipande cha eriali ya redio ya mkulima, kile kibomba chembamba, kivishe juu ya pini mpaka mabawa yalale yote kwa pamoja. Zile pini zenye umbo la risasi ya bunduki kwenye vimpira vyeusi hazina loki kabisa, zungusha kidogo na uvute kwa plaizi ukishika pini yenyewe, sio waya.

Pini iliyoungua usiirudishe. Kata waya mpaka uone shaba inayong'aa, funga pini mpya, na hizo nyingine zibane kingo kidogo sana kwa plaizi, maana pini iliyolegea ndo inayopata moto. Kabla ya kurudisha inua kaulimi kwa ncha ya kisu, mara moja tu, ukikakunja kunja kanakatika. Sukuma mpaka isikike tik, halafu jaribu kuvuta.

Halafu niambie taa zako ni balbu gani. Kwenye hii gari full na dimu zinapita kwenye mkono huo huo wa indiketa bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya mkono), ukiwa na balbu mbili za wati 60 hapo ni ampea 10 zinapita kwenye hiyo pini kila ukiwasha full. Kama ndivyo funga rilei mbili, la sivyo pini mpya nayo itaungua. Ukikwama weka picha ya upande wa mbele nikuonyeshe kaulimi kako wapi.