Barua za Kikundi Zinapokataliwa Njiani

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa korosho. Mwanachama akiandikia anwani ya barua pepe ya kikundi, seva yetu huwasambazia wote barua hiyo, ikiongeza jina la kikundi kwenye mada na maelezo mafupi chini. Tangu minada ianze, baadhi ya barua zinarudishwa kwa madai kwamba mtumaji hakuthibitishwa, ilhali ni mwenzetu tunayemfahamu. Tufanyeje? — Msomaji, Newala, Mtwara

JIBU: Ndugu Katibu, mwenzenu hana kosa, na seva zilizokataa barua yake zimefuata maagizo ya kikoa chake, yaani sehemu ya anwani yake inayofuata alama ya @. Barua pepe hukaguliwa kwa njia tatu. SPF huuliza kama seva iliyoleta barua imeruhusiwa na kikoa cha mtumaji, na seva yenu haimo katika ruhusa hiyo. DKIM hukagua sahihi ya kidijitali, ambayo ni kama lakiri ya gunia: mkigusa mada au kuongeza maelezo chini, lakiri imekatika, hata kama nia yenu ni njema. DMARC nayo, ambayo ni agizo la mwenye kikoa, hutaka angalau kimojawapo cha hivyo viwili kifaulu kwa kikoa kile kile anachokiona msomaji kwenye sehemu ya mtumaji. Yahoo ilipoanza, Aprili 2014, kuagiza barua zisizotimiza sharti hilo zikataliwe, vikundi vingi duniani vilipatwa na haya yanayowapata.

Ningeanza kwa kuacha kuigusa barua kabisa, kwa kuwa sahihi ikifika nzima DMARC huridhika, na jina la mwandishi hubaki lake. Kama ni lazima mwongeze maneno, basi seva iandike anwani ya kikundi mahali pa mtumaji, jina la mwanachama lifuatwe na maneno “kupitia kikundi”, na anwani yake halisi iwekwe kwenye sehemu ya kujibu. Kisha kikundi kitie sahihi yake ya DKIM. Mailman, programu ya kusambaza barua za vikundi, ina mpangilio huo, na inaweza kuutumia kwa watumaji wale tu ambao vikoa vyao vina agizo kali la DMARC.

Upo pia utaratibu wa ARC, uliochapishwa mwaka 2019, ambao humwezesha msambazaji kushuhudia kwamba barua ilikuwa halali ilipomfikia. Uwekeni mkiweza, lakini msiutegemee peke yake, kwa sababu ushahidi huo una uzito pale tu mpokeaji anapomwamini msambazaji.

Nawasihi msimwombe mwenye kikoa chochote alegeze DMARC yake. Siku za mnada, barua ya kughushi yenye namba ya akaunti ya uongo inaweza kumpotezea mkulima malipo ya msimu mzima.

Hatimaye, kagueni orodha ya wanachama. Programu za kusambaza huhesabu barua zinazorudi na kumsimamisha mpokeaji ambaye seva yake imezikataa, hivyo huenda wapo waliokwisha kuondolewa kwa sababu ya barua ambazo hawakuziandika wao. Warejesheni.